Bahasha Mbili Nyekundu za Kumpata Mwenyekiti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Liuhua, Guangzhou. Jumapili, 14 Mei 2006, saa 12:10 jioni.
Jina: Swalha Ameir. Umri: miaka 24. Kazi: biashara ya viatu. Makazi: ghorofa ya saba, nyuma ya soko la viatu, Liuhua. Mkalimani: Nelly Jonas, mwanafunzi.

Mimi ni mke wa Pandu Nassor, mliyemweka chumba cha pili kwa kosa la kuchezesha kamari. Tulioana siku ishirini na tatu zilizopita. Nikimsifu kupita kiasi mnisamehe, bado sijamzoea.

Leo saa nane mchana, Watanzania tulikutana mgahawani kumchagua mwenyekiti wa umoja wetu. Mwenyekiti ndiye anayehangaika maiti ya mwenzetu ifike nyumbani, ndiye anayekuja kituoni mmoja wetu akikamatwa. Wagombea walikuwa mume wangu na Marijani, mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Msimamizi alikuwa Bwana Erastus, mwanafunzi wa uzamivu.

Saa tisa kasoro kura zilihesabiwa. Kila mmoja alipata thelathini na moja. Marijani akanigeukia: "Shemeji, umepiga mara ngapi?" Watu wakacheka.

Bwana Erastus akasema mwaka 2003, akisoma Uingereza, alikuwa karani wa kuhesabu kura za halmashauri ya wilaya. Wagombea udiwani wawili walilingana, na sheria ya kule ikataka waamuliwe kwa bahati nasibu: majina yao yakawekwa kwenye bahasha za kufanana, msimamizi akachomoa moja. Aliyekosa alimpa mwenzake mkono, wakaenda kunywa chai. Nchi kubwa vile, na watu wazima wanaitii karatasi.

Bahasha hatukuwa nazo. Mkobani mwangu mlikuwa na mbili nyekundu, tupu, tulizotunzwa harusini, zikiwa na fedha kwa desturi yenu, na bosi wa kiwanda tunakonunua viatu. Nilizihifadhi kwa uzuri wake. Nilizitoa mimi. Hazikuwa na fedha ndani, naapa.

Bwana Erastus akachomoa moja, likatoka jina la Marijani. Pandu wangu akamkumbatia, akasema, "Mwenyekiti, kazi kwako." Nilidhani siku ya ndoa ndiyo niliyompenda kuliko zote. Ukumbi mzima ulipiga kelele za furaha, na hapo saa 9:20 askari wawili waliingia, wakadhani tunacheza kamari, wakauliza bahasha ni za nani. Kabla sijafungua mdomo Pandu alisema, "Ni zangu."

Saa kumi na moja Marijani alikuja mezani kwenu. Alisema: "Huyo ameshindwa, hana cheo. Mkutano ni wangu. Mwachieni bwana harusi, mniweke mimi." Mlipomwambia aende nyumbani, akaingia chumba cha pili, akakaa karibu na mume wangu. Hadi sasa nawasikia wakibishana nani abaki. Sijawahi kuona uchaguzi wa namna hii.

Hayo ndiyo niliyoyashuhudia. Nimesomewa, ni sahihi.
(Sahihi) Swalha Ameir

Maelezo ya afisa: Hakuna ushahidi wa kamari. Wote wawili wameruhusiwa saa 1:15 usiku. Watanzania wanaongoja barabarani wameombwa wasishangilie.