Ile hatua moja

Jumamosi

Tumeshika mkia, na waamuzi hawakutuonea. Mabinti zangu wote watatu walipinduka vizuri, lakini kila mmoja alipotua aliyumba, akapiga hatua moja mbele. Kwenye jimnastiki hatua hiyo inakula alama. Karatasi ya matokeo nimeikunja, haina cha kubishia.

Sisi mazoezi tunafanyia ufukweni, na mchangani mguu huzama ukatulia wenyewe. Godoro la ukumbini linarusha. Nalijua hilo tangu enzi zangu. Niliona haya kuwaambia, maana godoro la kuwapa sina.

Tulipofika Pongwe, karibu na nyumbani, Mwanaidi akanigeukia.

"Mwalimu, utuwie radhi. Tumekuangusha."

Nikamjibu, "Yamekwisha, mwanangu," kama vile mimi ndiye niliyekosewa.