Kambi Imekata Mkate

Jumatano, tarehe 9. Asubuhi ya mawingu mazito, upepo baridi.

Dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto. Kifua cha mdogo kimepona? Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, ila redio ikitaja habari za mpakani huizima na kusema anaokoa betri.

Mchumba wangu, Seremala, bado yuko kambini huko mpakani tangu walipomwita jeshini akiwa hajamaliza hata kitanda chetu. Barua yake ya mwisho ilisema wanapalilia bustani tu, nisisikilize ya mtaani. Nilimwamini. Kiwanda chetu ndicho kinachopeleka mkate kambini kwao, na kila nikipanga kreti hujiuliza ni upi utakaomwangukia. Mama Mkandaji, anayekanda unga pale kiwandani, huniuliza mbele ya watu leo nimeubusu upi, ili aupake jamu.

Basi Jumatatu kambi ilikata oda ya mkate. Sasa wanataka biskuti kavu, ngumu kama vigae, kwenye vifuko vya mtu mmoja mmoja. Bosi alipiga makofi kwa oda kubwa. Mama Mkandaji hakutania. Aliniambia polepole kwamba mwanangu, mtu anayekaa mahali pamoja halishwi biskuti.

Sasa dada, keti kwanza. Mpakiaji wetu amegoma kwenda huko. Anasema roho haina spea. Bosi alipouliza nani atakwenda kukabidhi mzigo, nilinyoosha mkono. Tunaondoka kesho. Mama nimemwambia naja kwako kukusaidia watoto. Akipiga simu, mwambie nimefika, nimelala. Najua huwezi uongo. Nibebee huu mmoja. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi ili ikuwahi.

Siendi kumzuia, nitamzuia na nini? Nataka anione, nami nimwone. Bunduki siziogopi kama ninavyoogopa kufika tukakuta mahema yamekunjwa.

Nisalimie shemeji. Wakumbatie watoto hadi walalamike.

Ni mimi mziwanda wenu,
Kidawa

Alhamisi, alfajiri. Mama ameamka kabla yangu. Amenifungia sweta alizowafumia wanao, nikuletee, na amenisihi nisisinzie njiani. Usingizi ulinichukua saa tisa usiku; yeye amejuaje?