Huko Nairobi Hakuna Ukuta

Mume wangu mdogo Salim,

Salamu nimekupigia kwenye simu hata nimechoka, na hukuziitikia, kwa hiyo leo sikupi. Ukizitaka utazifuata mwenyewe.

Naandika kwa mkono huu huu uliokuogesha. Hati yangu waijua, mistari inapanda na kushuka; shule niliiacha mapema na sikuililia. Mama yako ataipiga picha barua hii aitie kwenye lile kundi la washabiki wa hoki. Wewe umejitoa kundini, lakini hakukosi kidomodomo mmoja wa kukufikishia mpaka chumbani. Basi na wasome wote. Wao wakikujadili hawafungi mlango, na mimi sifungi.

Wakumbuka korido yetu hapa Al Mansoura, Doha? Taa moja inawaka, nyingine inakonyeza, na vitunguu vya watu wa kila nchi vinakaangwa kwa pamoja. Mama yako yuko hospitalini na zamu zake, nje jua limewaka hata paka hatoki, na wewe una miguu isiyotulia. Fundi wa nguo wa pale chini, yule mzee wa Kipakistani mwenye ndevu za hina, akakuletea gongo lake la zamani la hoki. Akalikata kwa msumeno likufae kimo. Nikamwambia, "Fundi, kwetu sisi gongo ni la kufukuzia mbwa." Akanijibu kwa Kiarabu chake cha dukani na mikono miwili, "Mwache acheze, mama, ama atakuja kuchezea cherehani yangu."

Nikaitundika leso yangu mwisho wa korido, ikawa goli. Stuli yangu nikaiweka mbele ya lifti, mpira usimpige mtu anayetoka. Ukaanza. Mpira wa tenisi, taka taka taka, mchana kutwa. Adui yako alikuwa ndoo ya kudekia. Unaupiga mpira ukutani, unaizunguka ndoo upande wa pili, na ukuta unakurudishia mpira miguuni. Hakuna aliyekufundisha. Mpira ukija kwangu, nao ulikuja sana, naurudisha kwa mguu, na miundi yangu mpaka leo ina alama.

"Nyanya, rudisha kwa nguvu!"

"Nguvu nilizimaliza kwa mamako."

Yule mama wa Kifilipino wa mlango wa nne alitoka na rola kichwani akagomba kwa lugha yao, nikamgombeza kwa Kiswahili, tukaelewana vizuri kabisa. Kesho yake alileta tambi.

Hayo ndiyo maisha yako, mume wangu. Usijifanye umeyasahau.

Ulipofika miaka kumi na mbili, Wafula akakuchukua uwanjani. Wafula ni mlinzi kule kwenye maghorofa ya The Pearl, na zamani alikuwa nahodha wa timu yetu hii ya Wakenya na Waganda. Goti limekufa, mdomo umebaki. Ijumaa alasiri, Umm Salal, ule uwanja wa nyasi za plastiki karibu na mazizi ya mbuzi. Wakakupa mpira mbele ya watu. Ukaupiga pembeni, ukamzunguka yule mtu kwa mbio, ukasimama upande wa pili unaungoja. Mpira ukajiendea zake nje ya mstari mpaka chini ya magari. Wewe bado unaungoja! Ulikuwa umekodoa macho kama mtu aliyetumwa dukani akakuta duka limehama.

"Wueh! Huyu anacheza na ukuta!" Wafula akapiga ukelele. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, sikufichi.

Siku hiyo ndiyo waliyokutia kwenye mchezo wao mwingine. Mechi ikiisha hawaendi makwao. Wanatandika zulia kando ya magari, wanakunywa chai yangu na mahamri yangu, na wachezaji wanapitishwa mmoja mmoja. Mmoja anauliza, "Huyu unamtoa kwa nini?" Na kila mtu anataja kitu ambacho angekubali kupewa, amwachie mchezaji yule aende. Hakuna anayelipa wala anayeuzwa, ni porojo la Ijumaa, lakini wachezaji wanalisikiliza kuliko wanavyomsikiliza mwalimu wao.

"Mimi huyo nawapea kwa sambusa moja," Wafula akasema.

Kato, yule dereva wa Uganda anayetubeba kwenye gari lake, akauliza, "Sambusa ya nyama, ssebo?"

"Ya viazi."

Tukaingia garini. Kisha ukaninong'oneza, "Nyanya, kweli ya viazi?" Nikakwambia viazi navyo vimepanda, kula hamri lako.

Ukakua. Kato ndiye aliyekuinua kichwa, Mungu amlipe. Alikuwa akikimbia kando ya mstari na kitambi chake, jasho linamtoka, anakupigia makelele, "Tafuta mtu! Salim, tafuta mtu!" Na pole pole ukawapata. Ukaanza kutoa mpira kwa watu, na watu wakaanza kukurudishia. Zile kona fupi zikawa zako, mpira unavutwa kidogo kwa gongo kisha unarushwa, kipa anausikia tu umelia ubaoni nyuma yake. Mimi hoki siijui, lakini kule kulia kwa ubao nakujua. Siku ile mlipowafunga wale vijana wa mahotelini, waliuliza, "Salim unamtoa kwa nini?" Kato akasimama juu ya zulia na viatu vyake. "Hata Landikruza ya bosi wangu, na funguo ndani yake, simtoi!" Tukamtazama Wafula. Wafula akawa anatafuna, hakusema kitu. Na Wafula akinyamaza, hiyo ni sifa kubwa.

Ndipo ile klabu ya Nairobi ikakuita. Walibishana mpaka mahamri yakaisha. Wafula alisema uende sasa, mchezaji akilala Doha miguu inakuwa ya ofisini. Kato akasema hujaiva, ukae mwaka mmoja tena. Mimi hakuna aliyeniuliza, na ningeulizwa wasingependa jibu. Ukaenda. Pale uwanja wa ndege ulinikumbatia ukaniambia, "Nikifunga goli nakupigia wewe kabla ya mama."

"Funga kwanza," nikakwambia.

Hujapiga.

Sasa nisikilize, maana nafika kwenye linalonichoma.

Ijumaa moja, kabla hujazima simu, mtu alileta video yako ya kule. Fupi tu. Umeingizwa mwishoni, mpira umekujia kando ya mstari, mtu mkubwa anakuja mbele yako. Ukaupiga pembeni, ukamzunguka, ukasimama unaungoja. Salim! Nilimwona mtoto wa miaka kumi na mbili ndani ya jezi ya mwanamume. Mpira umetoka nje, kocha anakuashiria urudi benchini, na wewe ungali umetazama pale ambapo ukuta haupo.

"Nilisema mimi," Wafula akaanza. "Huyu kijana hajaendelea. Amerudi nyuma. Ile korido yenu ndiyo ilimharibu."

"Naye nani alisema aende?" Kato akamjibu. "Si wewe? Mtoto akiogopa anarudi kwa kile anachokijua. Mpe muda, banange! Yuko na kichwa, yuko na mkono, bado anajifunza."

"Muda gani? Hoki haingojangi mtu."

Korido ilimharibu! Korido ambayo mimi ndiye niliyeikalia kwa stuli, mgongo ukiniuma! Nikameza. Nilitaka nisikie mwisho wao. Ndipo mpumbavu mmoja akauliza, "Haya, leo unamtoa kwa nini?"

Wafula akasema, "Chupa ya chai. Na isiwe na kifuniko."

Walicheka hata wale wasiokujua. Nikainuka. Nikaichukua chupa yangu, kubwa ile ya maua mekundu, nikaimwaga chai yote mchangani mbele ya macho yao. "Basi leo mnywe maneno yenu," nikawaambia, na mahamri nikayafunga ndani ya leso nikaenda nayo garini. Kato alinirudisha mjini, tumbo lake linanguruma njia nzima. Sikumpa hata moja. Naye alikuwa upande wako, maskini! Lakini hasira yangu siku hiyo haikuchagua mtu.

Kumbe kulikuwa na mwenye simu aliyenasa maneno yote hayo, akayatia kundini. Wewe ukayasikia. Ukatoka kundini, ukazima simu, na tangu hapo tumekuwa kama waliofiwa, nyumba nzima inatembea kwa kunyata.

Yule kijana mnayelala naye chumba kimoja amezungumza na mama yako. Anasema mazoezini huendi. Gongo liko chini ya kitanda. Unalala umejifunika blanketi mpaka usoni na mchana uko nje. Ukiulizwa, leo unarudi Doha, kesho hurudi, kesho kutwa hujui.

Na wewe wajua kabisa kwamba kibali chako cha kukaa huku kiko chini ya mama yako, na mtu akikaa nje zaidi ya miezi sita kibali kinakufa. Mwezi wa sita ndio huu unaisha. Mlango ukifungwa, mama yako hana funguo nyingine. Kila alfajiri tukimaliza kuswali ananigeukia papo hapo kwenye mswala, "Mama, nimwambie arudi?" Macho yamemvimba, naye kutwa anauguza watu. Nami sina la kumjibu. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kumjibu mtu! Nikisema rudi, naogopa utakuja na hilo blanketi kichwani na hutalivua tena. Nikisema kaa, naogopa umri huu wangu na safari ya kule ni vitu visivyopatana, na huenda nisikuone. Haya, nimeyasema. Usinifanye niyaseme tena.

Jumanne Wafula alikuja. Na sare zake za kazi, kofia mkononi, akasimama kwenye korido hataki kuingia.

"Shosh, ile ilikuwa mzaha."

"Najua ilikuwa mzaha. Mbona hukumchekesha yeye?"

Akaigeuza kofia. "Mwambie tu arudi. Naeza mtafutia kazi pale getini kwetu, kuna kivuli, kuna AC. Na Ijumaa acheze. Tangu aende hatuna mtu wa kona, Shosh. Tunapigwa kila wiki."

Nikamtazama. Nimeuza mapapai soko la Kongowea tangu mama yako yuko mgongoni. Asiyelitaka papai alikuwa akipita zake. Yule wa kuligeuza, kulibonyeza na kusema lina doa, huyo nilikuwa namfungia kwenye gazeti kabisa, maana najua hatoki bila hilo papai. "Wafula," nikamwambia, "wewe unamshusha kwa sababu unamtaka."

Hakukataa. Akatazama chini, akaona zile alama za mpira ukutani ambazo mwenye nyumba alipaka rangi juu yake na bado zinaonekana. Kisha akauliza, na safari hii bila mzaha, "Na wewe, Shosh, unamtoa kwa nini?"

Nikamwambia aende kazini atachelewa.

Wao wanapima mchezaji, kapanda, kashuka, kaiva, hajaiva. Hiyo ni haki yao, wanakuja na jua lile kukutazama. Mimi, mtu niliyemrudishia mpira kwa muundi mpaka ukavimba, sina nitakachobadilisha naye, kwa hiyo kwenye zulia lao sina la kusema. La kwako ninalo.

Kazi ya getini haina aibu. Wafula kasomesha ndugu zake wote kwa geti lile. Ukitaka kurudi, rudi, lakini utoke kitandani kwanza, uoge, uende ukamtazame kocha wako machoni umuage. Uje umevaa viatu. Ukitaka kukaa, kaa, na kibali kikifa kife wewe uko uwanjani. Tutalia, mama yako zaidi yangu, halafu tutanyamaza. Nisilolitaka ni hili la kulala mpaka tarehe ipite ikuamulie, halafu useme ni bahati mbaya. Sikulea mtu wa kuamuliwa na tarehe. Na umejifunika blanketi kwa ajili ya nani? Wafula? Wafula aliyekimbiwa na goti lake mwenyewe?

Huko Nairobi hakuna ukuta, Salim. Kuna watu. Ni kweli ukimpa mtu mpira anaweza asikurudishie. Ukuta haukuwahi kukunyima. Lakini je, yule anayecheza kando yako unamjua jina? Umewahi kumwita? Kijana mnayelala naye amemtafuta mama yako kwa simu bila kutumwa. Huyo tayari amekurudishia mpira, nawe umelala.

Leo baada ya alasiri nimeitoa stuli yangu nikaiweka mahali pake, mbele ya lifti. Leso nimeitundika. Yule mama wa Kifilipino ametoka akaniona, akauliza kwa mkono, mtoto yuko wapi? Nami kwa mkono nikamwonyesha mbali. Akaingia ndani akaleta kiti chake akakaa na mimi.

Simu iko mapajani, sauti nimeifungua yote. Useme narudi, useme nakaa, ulie, utukane, lolote utakalolileta nitakurudishia kama zamani. Nguvu sina, lakini mguu ninao.

Tuko hapa mpaka adhana ya magharibi. Na kesho tuko hapa.

Nyanyako, mkeo wa kwanza,
mwenye stuli