Finjani ya Mjomba Seif

Jumapili, 1 Oktoba
Sabla nyengine leo, baraza la mtaa, hapa hapa Ibra. Wanaume wamekaa ukutani, halwa katikati, maswali yale yale. Utatuletea nini ukiingia Majlisi ya Shura? Nikasema siahidi kitu. Nataka nikaseme serikali ipunguze mkono. Mtu akitaka kuuza sambusa mlangoni kwake, aachwe auze. Mtaa uangalie mambo yake wenyewe. Nikawapa mfano wa falaji, mfereji wetu: maji wanagawana wenye mashamba kwa zamu, tangu enzi za mababu, na hakuna wizara iliyowafundisha. Mzee mmoja akauliza, sasa tukuchague ukafanye nini, ukalale? Wakacheka.

Jumatano, 4 Oktoba
Dukani kutwa. Madirisha ya alumini hayajui uchaguzi.

Kiti hiki ni cha koo mbili kubwa. Leo huyu, kesho yule. Mimi si wa huku wala wa kule. Wazee wangu walirudi kutoka Unguja, na mpaka leo tunaitwa watu wa Zinjibari. Zuwena, mke wangu, anasema nimeshikwa na wazimu wa uzeeni. Lakini kanzu ya kwendea sabla ananipigia pasi yeye. Mteja kaniambia watu wananizungumza. Nimefurahi mno. Sikupenda nilivyofurahi.

Ijumaa, 6 Oktoba
Baada ya sala kaja Mjomba Seif, ndugu yake mama. Nyuma yake wazee wawili wa ukoo mmoja katika zile mbili. Shikamoo, marahaba. Nikamimina kahawa mwenyewe. Mjomba akapokea finjani yake, akaiweka chini, hakuitia mdomoni.

Huku mgeni akiiweka chini kahawa, ana haja, na hanywi mpaka umkubalie. Ukimwambia kunywa, umeshamkubalia. Sijapata kumwona mtu akikataa.

"Nassor, mwanangu, nataka ujitoe. Hawa ndio waliotupokea."

Kweli. Tulipofika hatukuwa na kitu, mimi nabebwa mgongoni. Hawa walitupa nyumba ya kukaa na mitende ya kula. Serikali haikujua hata kama tupo. Si ndiyo hoja yangu hiyo, kwamba watu wanatosha kuangaliana? Imekuja kunikaba barazani kwangu.

Nilitaka kusema kunywa, Mjomba. Halikutoka. Wakakaa, wakachoka, wakaondoka. Finjani imebaki mkekani, imejaa.

Jumamosi, 7 Oktoba
Mama hakula. Ati nimemwaibisha ndugu yake mbele za watu. Zuwena kaiosha ile finjani, kairudisha kabatini.

Jumanne, 10 Oktoba
Nimefikiri kutwa. Mkono wa serikali naujua: una muhuri, una dirisha, unaweza kubishana nao. Mkono wa hisani huna pa kuushitakia. Hotuba zangu zote sikuwahi kuutaja. Nilikuwa nasema watu waachiwe watu, kama kwamba watu ni wepesi.

Hata hivyo sijitoi. Nikijitoa, ina maana mtu wa Zinjibari hana sauti mpaka apewe ruhusa.

Jumamosi, 14 Oktoba
Nimekwenda kwa Mjomba kumwambia mwenyewe, asisikie njiani. Ameambiwa nipo mlangoni. Kasema niambiwe amelala. Saa za asubuhi, na Mjomba halali asubuhi.

Jumatano, 18 Oktoba
Sabla ya leo wamekuja watu wachache. Yule mzee wa "ukalale" kaja tena. Nikamjibu: nichagueni nikawe mtu wa kuuliza, hili lazima? Akatikisa kichwa. Sijui ni ndiyo au ni huruma.

Jumapili, 29 Oktoba
Leo kura, siku hizi zinapigwa kwa simu. Mama kanipokonya simu, akapiga mwenyewe, na hasemi kampa nani. Usiku matokeo. Nimeshindwa, tena vibaya. Ameshinda mtu wao.

Nilidhani nitaona uchungu wa kiti. Nimeona uchungu wa kumpoteza Mjomba.

Jumatatu, 30 Oktoba
Nimekwenda sabla ya mshindi kumpa hongera. Ndivyo inavyopasa. Watu wamejaa. Mjomba Seif ndiye aliyeshika dele la kahawa, anamimina.

Akanifikia. Akamimina bila kunitazama. Nikapokea, nikaiweka chini.

Wa karibu wakageuka kututazama. Mjomba akasimama na dele lake. Hakuniuliza haja yangu, anaijua. Amezeeka, sikuwa nimeona.

Akapita, akawamiminia wengine mpaka mwisho wa ukuta. Kisha akarudi, akakaa kando yangu.

"Kunywa," akasema, "inapoa."

Ilikwisha kupoa. Nimeinywa yote.