Fomu za Assia Zimerudi Tupu

Ilias, inatangazwa rasmi: mgeni wa chuo cha Nairobi amepatiwa kiti chenye mto.

Sasa yaliyobaki. Alikuja kupima kama shahada yao ya biashara itapata wanafunzi hapa Bujumbura, na Assia wetu ndiye aliyegawa fomu mia mbili. Shahada hiyo ndiyo tumaini lake la pekee. Hawezi kumwacha mama yake kitandani akasome ugenini.

Zimerudi tupu. Zote mia mbili, tupu!

Fomu inauliza jina la baba na kilima ulikozaliwa. Mwaka wa kumi huu wa vita watu wanauawa kwa majibu hayo mawili, maana yanafichua kabila. Jovithe wa benki alimrudishia yake mkononi: "Dada, kusoma mi nataka sana. Lakini baba yangu na colline yangu, apana. Hii karatasi itasomwa na nani?"

Assia akamweleza mgeni hayo yote, taratibu, mara mbili. Akajibiwa: "Asiyeweza kujaza fomu ataweza biashara?"

Asiyeweza, Ilias. Alisema asiyeweza.

Saa tano uamuzi wa mgeni ukasomwa: fomu zirudi kwa watu walewale, safari hii zikiwa na nafasi ya jina la babu.