Uyoga Mweusi wa Kigingi cha Mwisho

Kijiji cha Ujamaa Kasulo,
Ngara.
15 Februari, 1979.

Mpendwa mdogo wangu Pancras,

Hujambo huko chuoni Morogoro? Ile homa imekuachia? Sisi wazima, ila vita hivi vimetunyima usingizi. Mama anauliza kama unakula vizuri.

Pancras, huo uyoga wako wa chini ya ardhi nusura unipotezee mume. Uliniagiza nipigilie kigingi kila ninapouona, ili ukija likizo upime na kuandika. Shemeji yako Idefonsi akavichonga vigingi, akavipaka chokaa, tukafuata mizizi ya miombo mpaka kando ya barabara ya Rwanda. Wala hatukufikiria vita.

Jana kamanda wa mgambo, Bulugu, akaviona. Akasema ni alama za kumwonyesha adui pa kudondosha mabomu. Akauliza nani kavichonga, akaambiwa ni Idefonsi, mzaliwa wa Rwanda. Basi. Miaka yote aliyolima nasi haikuhesabiwa. Leo asubuhi nilimkuta amefungwa kamba ofisi ya kijiji, linasubiriwa gari la kumpeleka bomani. Nilimchukia kila mtu, na wewe ukiwemo.

Nikawaambia ni alama za uyoga, twendeni tukafukue. Vigingi vyote, chini patupu, maana ule wa kawaida nilishautoa nikakukaushia. Kikabaki cha mwisho, penye ule mweusi ulionikataza kuugusa kwa kuwa haujaandikwa popote. Nikaufukua. Bulugu akaunusa, akasema, "Kama ni uyoga, mama, kula tuone."

Unakumbuka marehemu bibi alivyokuwa akiutupa huo mweusi. Nikamtazama Idefonsi na kamba zake, nikang'ata, nikatafuna, nikameza. Una ladha ya udongo na kitunguu saumu, andika hivyo. Wakamfungua.

Sasa ni mchana. Idefonsi ananinywesha maziwa na hataki kubanduka hapa nilipo. Ulimi una ganzi kidogo, labda ni woga tu. Kipande kilichobaki nimekifunga humu. Hizo alama ni meno yangu, usije ukadhani ni panya.

Jirani yetu Matiasi anaondoka sasa hivi kwenda posta. Mama anakusalimu, na mpwa wako Melania, na Idefonsi, ambaye hakulaumu hata kidogo. Mimi nakulaumu. Mungu akutunze huko ugenini na akufungue akili.

Jumapili nitakuandikia tena. Usipoiona barua hiyo, andika kwamba hauliwi.

Dada yako akupendaye hata hivyo,
Zita