Mto Usiokuwamo Kwenye Filamu

Jakarta, 4 Machi 1987

Mdogo wangu Handoko,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayolalamika. Wewe je, kifua kimetulia? Mama anasema hujamwandikia tangu Idi.

Filamu yetu ya mzuka inafika Semarang Alhamisi. Najua unavyomwona Tarmuji: mwongozaji wa wanawake wanaooga mtoni. Hata siku ya kenduri ya kuanza kazi, tukimega wali wa manjano, mpiga picha alininong'oneza, "Mizimu yenyewe imemchoka huyu." Lakini hii si kama zile. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiigiza maiti na mpishi. Safari hii mzuka ni mimi. Wenye sinema husoma ukurasa wako wa filamu gazetini kabla ya kuamua filamu ikae au iondoke. Sikuombi sifa. Itazame kama hujui nani kaitengeneza.

Dada yako,
Murtini

Semarang, 14 Machi

Dada Murtini,

Nashukuru, kifua kimepoa. Magoti nayo yapoe. Nimekukatia kipande cha gazeti. Utaona nimekusifu kwa sentensi moja. Mengine hayakukwepeka: vitisho vya bei rahisi, na lile tukio la kuoga mtoni lililorefushwa bila haya. Usinune. Udugu ni nyumbani, kazi ni kazi.

Mdogo wako,
Handoko

Jakarta, 21 Machi

Handoko,

Sote wazima.

Filamu haina mto. Hakuna anayeoga. Yote imepigwa ndani ya nyumba moja, na mimi sivui hata kandambili.

Huko kwenu imeondolewa siku ya tatu. Tarmuji alitusomea gazeti kwa sauti. Alipofika kwenye mto akasema, "Labda Semarang walipelekewa mikanda mingine." Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana wote wanajua wewe ni ndugu yangu.

Murtini

Semarang, 6 Aprili

Dada,

Hujambo? Mama hajambo?

Sina la kujitetea. Alhamisi ile nilikata tiketi, nikaona jina la Tarmuji kwenye bango, nikaenda kunywa kahawa ng'ambo ya barabara. Nilimaliza kuandika kikombe hakijapoa.

Jumamosi filamu ilionyeshwa uwanjani mjini Kendal, kwenye harusi ya binti wa muuza mbao. Mbele kulijaa, nikaitazama nyuma ya kitambaa cha kuonyeshea, maandishi yakisomeka kinyume. Mwisho wake ni dhaifu, na kivuli cha kipaza sauti kimeonekana mara mbili. Lakini pale mzuka unapompigia mwanawe pasi sare ya shule, naye anaivaa ingali ya moto, bibi harusi alishika mkono wa mama yake badala ya wa mumewe. Mimi sigara yangu niliirudisha mfukoni bila kuiwasha.

Nimeandika kwamba sikuwa nimeitazama. Mhariri amechapa mistari minne, ukurasa wa saba. Ukurasa wa filamu amempa mwingine. Amefanya sawa.

Mdogo wako, ukikubali,
Handoko

Jakarta, 3 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima, anakusalimu. Nami sijambo.

Mistari yako minne Tarmuji ameibandika kwenye kioo tunapojipambia. Lakini mwenye mtaji amemwambia watu hawataki pasi, wanataka mto. Tunaanza filamu nyingine Jumatatu, wali wa manjano umeshaagizwa. Mzuka ni msichana wa miaka ishirini. Mimi nimerudi kuwa mpishi.

Safari hii mto upo, nimeuona. Mwambie aliyechukua ukurasa wako kwamba anaweza kuandika bila kuitazama.

Dada yako,
Murtini